Pampu Kubwa Kuliko ya Mdogo Wangu

Nina wivu, nakiri mapema tusichoshane. Sio wivu wa mume, yule nilishamzoea na kasoro zake zote. Namwonea wivu mdogo wangu, kitindamimba wetu, tangu siku alipoletwa nyumbani akiwa amefungwa kwenye shuka nililokuwa nalalia mimi.

Mama anaishi kwangu. Kwangu, sio kwake, na hilo lilikuwa linanipa kiburi kisichosemeka. Alipovunjika nyonga, daktari aliagiza atembee ndani ya maji nusu saa kila asubuhi, la sivyo mguu utakaza. Tuna bwawa nyuma ya nyumba, dogo, hatua kumi na mbili ukuta hadi ukuta. Miaka miwili mama ametembea humo akishika ukingo, mimi nimekaa kwenye kiti namhesabia mizunguko. Mdogo wangu naye akajenga la kwake, mara tatu ya letu. Siku ya kwenda kuliona nilimsifu kwa shingo upande, nikarudi nyumbani na kipandauso.

Basi pampu yetu ikafa. Jumatatu ilikoroma, Jumanne ikanuka kuungua, Jumatano kimya. Fundi wa bwawa akaifungua, akanionyesha waya za mota zilizokuwa nyeusi tii.

"Hii tuizike tu, dada," akasema. "Nenda kanunue nyingine."

Maji yasipozunguka hayachujwi, kwa hiyo Jumamosi yalikuwa ya kijani. Mdogo wangu akapata habari. Nani alimwambia sijui, ila mama ana simu. Akaja na gari lake, akanikumbatia, akasema mama akakae kwake mpaka maji yetu yapone. Yapone, utadhani yana homa. Mama naye akatoka na begi kubwa. Mtu wa siku chache anabeba begi kubwa la nini? Nilipunga mkono huku roho inaniuma, maana niliogopa kitu kimoja tu: mama asirudi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani na fundi wangu. Muuzaji, bwana mmoja mpole mwenye kalamu sikioni, akaanza maswali yake. Bwawa linachukua lita ngapi? Bomba ni za inchi ngapi? Chujio la mchanga lina ukubwa gani?

"Mdogo wangu alinunua ipi hapa?" nikamuuliza. Nikamtajia mtaa, akamkumbuka mara moja, tena akatabasamu. Kila mtu akimkumbuka yule hutabasamu.

"Alichukua ya nguvu farasi moja na nusu. Lakini bwawa lake, mama..."

"Nipe ya mbili."

Fundi akanivuta pembeni, karibu na rafu ya mabomba. "Dada, la kwako linataka robo tatu. Bomba zako nyembamba, chujio lako dogo. Pampu kubwa haisafishi zaidi. Itasukuma maji kwa kasi, ivunje vitu ndani ya chujio, halafu mchanga wote uingie bwawani."

"Wewe ni fundi wangu au wakala wa mdogo wangu?"

Fundi akiulizwa hivyo afanye nini? Alibeba boksi akalipeleka kwenye gari.

Jioni ile pampu ikafungwa. Ikiwaka, unadhani mtu anasaga kokoto ukutani. Mume wangu akahamia sebule ya mbele na gazeti lake. Mimi nikampigia mama.

"Mama, tumefunga pampu kubwa kuliko ya huko."

"Hongera. Maji yakoje?"

"Yanakwenda mbio, mama."

"Mwanangu, mimi natembea tu."

"Na huko unalala vizuri? Vizuri kuliko huku?"

"Nitakupigia baadaye," akasema, na nyuma yake nikasikia mdogo wangu anacheka.

Asubuhi nikakuta mchanga umetanda sakafu nzima ya bwawa. Fundi akaja, akachovya mguu, akaangalia chembe zilizonasa kwenye vidole vyake. Hakusema alinionya. Ningependa angesema, nipate wa kugombana naye. Alifungua chujio, mabomba ya ndani yamekatika vipande vipande.

Tukarudi dukani. Safari hii muuzaji alipouliza, nilijibu yote, nilikuwa nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Akanipa pampu ya robo tatu, kwenye boksi dogo ambalo huwezi kumringia nalo hata jirani. Fundi akatengeneza chujio, akatia mchanga mpya, na baada ya siku tatu ungeweza kuona msumari ukianguka chini. Pampu yenyewe, ukisimama jikoni, huisikii.

Nikamfuata mama. "Nije nijaribu maji kwanza," akasema mlangoni kwa mdogo wangu, "halafu tutaona." Sikulipenda lile neno tutaona, lakini nilimfungulia mlango wa gari.

Akashuka ngazi za bwawa polepole. Mimi nikakaa kwenye kiti changu. Akatembea hatua nne, tano, ndipo nikaona mikono yake iko ndani ya maji. Ukingo hakuugusa.

"Mama, umeacha kushika."

"Mdogo wako amenizoesha. Anaingia na mimi, ananishika mikono, tunatembea wote tunapiga soga."

Miaka miwili nimekaa kwenye kile kiti. Sikuwahi kulowa hata kisigino. Wivu ulinipanda mpaka macho yakaingia ukungu, nikavua viatu nikaingia na gauni langu lote, maji yakanifika kifuani, nikamshika mama mikono yote miwili. Tukatembea. Nilisikia mifupa ya vidole vyake chini ya vyangu, nikazidi kukaza, nione kama yule alimshika hivi.

"Unaniumiza," mama akasema.

Sikulegeza. Akasimama katikati ya maji, akanitazama, akasubiri. Nilipomwachia alitembea peke yake mpaka upande wa pili, akapanda ngazi, akajifuta uso, akaniomba nimrudishe kwa mdogo wangu.