Punje Moja Kutoka Joni

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne tarehe 14 Septemba 1954, Ezron alishuka kwenye lori la Mbeya pale Tunduma akiwa na sanduku la bati na viatu vipya. Alikuwa amefanya kazi miezi tisa katika mgodi wa dhahabu huko Joni, yaani Johannesburg. Alitaka tangazo la ndoa yake na Marita lisomwe kanisani Jumapili. Mchungaji alikuwa tayari. Aliyebaki ni Bibi Yunisi, aliyemlea Marita, na Bibi alikuwa ameambiwa kwamba Ezron hakufika Joni hata kidogo. Eti alijificha ng'ambo ya mpaka kwa mwanamke mwingine.

Katika nyumba ya Bibi, kila msafiri aliyerudi alitaja kila mahali alipolala njiani, na Bibi aliweka punje ya mahindi kwenye ungo kwa kila usiku. Marehemu mumewe, Sadoki, alirudi kwa miguu kutoka migodi ya Broken Hill, Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1927, maili mia tano na arobaini. Punje ishirini na nane.

"Haya, mume wangu," Bibi alisema, ungo magotini. "Ulilala wapi?"

"Mbeya, Bibi."

Akaweka punje moja.

"Kisha?"

"Basi. Jana alfajiri nilikuwa Joni. Nimeletwa na ndege."

"Marita! Niletee ungo mdogo. Huu unampwaya mume wetu."

Ezron akaenda kumwita Mwalimu Timotheo wa shule ya misheni. Mwalimu alikuja na atlasi, akanyoosha uzi kutoka Johannesburg hadi Mbeya, akaupima kwa rula. Inchi tano kasoro kidogo. Kila inchi maili mia mbili na hamsini.

"Maili elfu moja mia mbili arobaini na tano," alisema. "Ndege hiyo huenda kama maili mia na hamsini na tano kwa saa. Saa nane angani, saa mbili chini kujaza mafuta."

"Uliondoka saa ngapi?" Bibi alimuuliza Ezron.

"Kumi na moja na nusu alfajiri. Nikashuka Mbeya kumi na nusu jioni."

Bibi alihesabu kwa vidole. "Hizo ni saa kumi na moja, si kumi."

"Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja," Mwalimu alieleza.

"Kumbe na saa moja kaiba! Mwalimu, uliyenionyesha akitoka Joni ni uzi wako. Huyu bado." Akamgeukia Ezron. "Huko juu ulifanya nini?"

Ezron alimtazama Marita, kisha akatazama viatu vyake.

"Nilitapika."

"Mara ngapi?"

"Nne. Kwenye mifuko ya karatasi. Wa nne ulikuwa wa jirani yangu."

"Ukalia?"

"Kidogo. Nilimwita mama."

Marita alitoka nje haraka, na kicheko chake kikasikika hadi barabarani. Bibi hakucheka.

"Mwongo angesema alikaa na rubani, akimwonyesha njia," alimwambia Mwalimu. "Huyu amepanda."

Akaongeza punje nne kwenye ungo.

Jumapili, saa tatu na dakika ishirini, mchungaji alisoma tangazo la kwanza la ndoa ya Ezron na Marita. Aliuliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyesimama.