Talaka Ambayo Kinyozi Hakuitoa

Kinyozi alikuja kwa mfasiri mara ya kwanza siku ya Jumanne, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni. Alikuwa ameweka mikasi chini miaka minne iliyopita, lakini mtaa mzima bado ulimwita Kinyozi, na yeye bado alimtazama mtu kichwani kwanza kabla ya kumtazama usoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba, Mwalimu. Hizo nywele za kisogoni nani kakukata? Mwambie atafute kazi nyingine."

Mfasiri akacheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, aliyewahi kufundisha lugha sekondari, na jina la Mwalimu lilikuwa limemganda. Sasa alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la kutoa kopi: meza, kompyuta, printa inayokohoa kabla ya kila ukurasa, na mihuri miwili ndani ya kopo la biskuti. Watu walimletea vitambulisho na vyeti vilivyoandikwa kwa Kiingereza, yeye akavitia katika Kihispania.

Binti wa pekee wa Kinyozi alikuwa ameolewa mbali, kwenye nchi ya Kihispania, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Ubalozi ulitaka kijitabu cha utambulisho wa familia kifasiriwe kabla ya kumpa babu mtu viza. Kijitabu chenyewe kilikuwa cha zamani, kazi ya makarani waliobana wino kana kwamba waliununua wenyewe. Hakuna neno waliloandika likaisha. Kila mahali herufi mbili na nukta, herufi moja na nukta.

"Hii 's/o' kabla ya jina la marehemu baba," Kinyozi aliuliza, "miaka yote nilidhani ni cheo chake."

"Ni 'mwana wa', mzee. Kwa Kihispania tunaandika 'hijo de'."

"Kumbe si cheo." Akafikiri kidogo. "Au ni cheo, ila ni changu mimi."

Walipofika kwenye mwaka wake wa kuzaliwa, wakakuta 'c.' mbele yake. Mwalimu akamweleza kwamba maana yake ni 'kama mwaka huo', kwamba aliyeandika hakuwa na hakika.

"Hata mimi sina hakika. Andika hivyo hivyo."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake Mwalimu: herufi yoyote yenye maana mbili, anamuuliza mwenye hati. Lakini simu ya Kinyozi ikalia, picha ya mjukuu ikaingia, na mzee akainuka kitini kumwonyesha. Mtoto alikuwa na nywele nyeusi, nyingi, zimesimama wima. "Huyu kanifuata mimi! Huyu ni mteja!" Mwalimu akitazama picha kwa jicho moja na kijitabu kwa jicho la pili, akafika kwenye jina la mke. Pembeni yake palikuwa na 'd.' na mwaka. Akaandika 'divorciada', aliyeachika, akaendelea. Akachapa, akagonga muhuri, wakaagana kwa furaha.

Siku ya tisa Kinyozi akarudi. Mwalimu akamwamkia, naye akaitika marahaba kavu kama kuni. Hakukaa.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Mzee wangu, kuna nini?"

"Leo kijana mmoja wa ubalozini kaniuliza mbele za watu: mliachana lini na mama wa binti yako? Lete hati ya talaka. Nikamwambia talaka ipi? Akanionyesha karatasi yako." Sauti yake ikapungua. "Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na minane. Tumegombana, ndiyo. Kuna siku alinifungia mlango kwa sababu nilimnyoa mdogo wake vibaya kabla ya harusi. Lakini kuachana? Alipougua nilimnyoa mimi mwenyewe, kwa sababu alitaka kichwa kiwe chepesi. Nimemzika kwa mikono hii. Leo wewe unatuachanisha kwa herufi moja?"

Mwalimu alichukua kijitabu, akaitazama upya ile 'd.'. Kwa Kiingereza herufi ile ingeweza kuwa 'divorced', aliyeachika, na ingeweza kuwa 'died', aliyefariki. Mtoto wa kidato cha kwanza angeuliza. Yeye hakuuliza.

Angeweza kumlaumu karani wa zamani. Badala yake akavuta droo, akatoa kijitabu chake mwenyewe, akakifungua mbele ya mzee. Pembeni ya jina la mwanamume palikuwa na 'd.' vilevile, na mwaka wa juzi juzi.

"Huyu alikuwa mume wangu. Hajafa, yupo, ana familia nyingine. Tangu siku nilipopewa hiki kijitabu, nikiiona hiyo herufi naisoma kwa namna moja tu. Mkono wangu uliandika ya kwangu juu ya jina la mkeo. Nisamehe, baba."

Kinyozi akavitazama vile vijitabu viwili, kimoja baada ya kingine. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mwishowe, taratibu. "Unasoma karatasi za watu wote, ya kwako imekushinda." Halafu akaongeza, "Na huyo bwana, alikuwa na akili timamu kweli? Mtu aache nyumba yenye printa?"

Mwalimu akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka, na mzee akampa leso yake, kubwa, iliyopigwa pasi pembe kwa pembe.

Ubalozi haukutaka maneno matupu, ulitaka uthibitisho. Cheti cha kifo kilikuwa kimeharibika nyumba ilipovuja. Kwa hiyo kesho yake Mwalimu alifunga ofisi, akafuatana na Kinyozi hadi masjala ya vizazi na vifo. Wakapanga foleni tangu saa mbili. Karani, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hao waliotutangulia walikuwa wavivu, jamani. Aliyekufa 'd.', aliyeachika 'd.' Ngojeni nilete daftari."

Daftari lilikuwa pana kama mlango wa kabati. Karani akateremsha kidole safu kwa safu, akasimama. Jina la mke lilikuwa pale, tarehe, ugonjwa. Kwenye safu ya mtoa taarifa pameandikwa 'mume', na chini yake saini iliyopinda, imetoka nje ya mstari.

"Hiyo saini yangu," Kinyozi alisema. "Tazama inavyotetemeka. Na mimi nilikuwa na mkono usiotetemeka mji mzima, uliza yeyote." Akamgeukia karani. "Mama, ninaruhusiwa kuigusa?"

"Gusa, baba."

Akaweka vidole viwili juu ya jina la mke wake, wala si juu ya saini, akaviacha hapo. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyeguna.

Walitoka na cheti kipya. Mwalimu akaketi mchana huohuo, akaandika upya: 'fallecida', aliyefariki, na chini ya ukurasa akatia maelezo kwamba kosa la mwanzo lilikuwa la mfasiri wala si la mwenye hati. Alimsomea Kinyozi ukurasa mzima kabla ya kugonga muhuri.

"Lisome tena hilo jina la mke wangu," mzee akasema. Akalisoma tena.

Viza ilitoka baada ya wiki tatu. Kinyozi akasafiri na sanduku moja na mkoba wa mikasi, ingawa binti yake alimkataza mikasi mara mbili kwa simu.

Jumapili moja simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa Kinyozi, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia na sufuria zikigongana.

"Mwalimu, nisaidie! Binti yangu na mumewe wametoka, nimebaki na huyu mama mkwe wake. Ananisemesha tangu asubuhi, naitikia ndiyo yao tu, 'sí, sí', sasa naona amekasirika. Nimeiweka simu kwenye spika, msikilize."

Mwalimu akamsikiliza yule mama, naye akaongea kwa kasi dakika nzima bila kuvuta pumzi.

"Anasemaje?" Kinyozi akauliza kwa wasiwasi. "Kanifukuza?"

"Anasema umeosha vyombo, umefagia ua, umembembeleza mtoto, na tangu asubuhi hujala. Anasema mgeni wake ataanguka, aibu itakuwa yake. Kaa chini ule."

Kinyozi akajibu, "Mwambie nitakula. Lakini mwambie na yeye akae, ametembea kutwa. Kisha akipenda nitamrekebishia zile nywele za mbele, zimemwingia machoni."

"Hilo la nywele pia nitafsiri?"

"Tafsiri yote, Mwalimu, usiniachie hata herufi."

Akatafsiri yote. Upande wa pili yule mama akaangua kicheko kikubwa, kiti kikaburutwa, kisha kingine, na sahani mbili zikawekwa mezani.