Kijani kwenye Bampa la Shemeji

Gari la shemeji, kaka wa mke wangu, lilikuwa jekundu lililochoka hadi likafanana na tofali. Alikuwa amepata mnunuzi, akaniomba nilirudishie mng'ao, maana mtaani kwetu hakuna asiyeujua mkono wangu. Kazi hiyo naifanyia uani kwangu, viti vimepangwa, watu wanapiga soga huku mimi nasugua.

Zamani ua ulikuwa unajaa. Mwaka huu watu wamepungua, kwa sababu niligombana na Fundi Saa, jirani wa ukuta mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa chumvi ya mazungumzo. Asubuhi moja nilikuta mlango wa gari langu umebonyea, umeachiwa unga wa rangi nyekundu. Gari la Fundi Saa ni jekundu. Akaapa siyo yeye. Nikamwita mwongo mbele ya watu, na shemeji, aliyefika akisema gari lake kaliacha nyumbani kwake, akanikoleza: mtu mzima anakanaje kitu cha wazi? Fundi Saa akabeba kiti chake, akaenda zake.

Basi Jumamosi nikaliosha gari la shemeji, nikabandika utepe kwenye mipira ya madirisha, nikaloweka msasa laini kwenye ndoo. Boneti ikakubali. Milango ikakubali. Nilipofika pembe ya bampa la mbele, maji yakawa mekundu upesi mno. Kumbe hapo palipakwa kwa brashi, tena harakaharaka. Nikasugua taratibu. Chini ya wekundu ukajitokeza mchirizi wa kijani.

Kijani kile nilikichanganya mwenyewe kwenye kopo la maziwa, mabaki ya rangi tatu, nilipopaka gari langu. Hakiuzwi popote.

Mke wangu alikuwa ameleta chai. Akaona ninapotazama.

"Hapo usisugue sana, mume wangu," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Tangu siku ileile, akasema. Kaka yake alimlilia amsitiri mpaka hasira zangu zipoe. Mwaka mzima ananisikiliza nikimchambua Fundi Saa kama karanga, na yeye anaitikia "ehee".

Shemeji alipokuja alicheka kwanza, kisha akaiona pembe.

"Ulikuwa umeshamkamata mtu wako, shemeji," akasema. "Mimi ningejitia kati vipi?"

Nikamkabidhi funguo, gari nusu linang'aa, nusu tofali, kijani kikimsubiri mnunuzi wake. Wageni wawili waliokuwepo wakajifanya chai ni ya moto.

Nikanawa mikono, nikaenda kugonga kwa Fundi Saa. Nilimweleza yote pale mlangoni, sikuficha kitu, nikaomba radhi. Alinisikiliza, lenzi yake ya kazi bado iko jichoni.

"Ulinitukana mbele ya watu tisa," akasema. "Niombe radhi mbele ya walewale tisa. Nitakuja na kiti changu."

Nikakubali upesi, nikarudi nikihesabu vidoleni wa kuwaita. Saba niliwapata vidoleni bila shida. Wa nane siku ile alikuwa shemeji. Wa tisa alikuwa ndani, nasikia anaosha vikombe, nami nikabaki nimesimama uani, sijui nitamwitaje.