Maoni ya Msomaji wa Pili

Rhiannon Cowley aliitambua sentensi ile kabla Profesa Hargrave hajamaliza kuisoma, na akakirudisha kikombe cha chai mezani.

Ilikuwa Jumatano alasiri, semina ya falsafa ya maadili, watu saba wameizunguka meza yenye sahani ya biskuti. Hargrave alikuwa amewaeleza kwamba jarida limeikataa makala aliyoiandika kwa miaka mitatu kwa sababu ya msomaji mmoja tu, yule wa pili. Ndivyo majarida yao yanavyofanya: makala hupelekwa kwa wasomaji wataalamu waipime, bila jina la mwandishi, na mwandishi hurudishiwa maoni bila jina la msomaji. Makala ilidai kwamba mkosaji anayechelewa kukiri anaongeza kosa juu ya kosa, hata kama kilichomchelewesha ni woga. Sasa mzee alikuwa ameyachapa yale maoni, amesimama anayasoma kwa sauti ili wayacheke pamoja.

"'Mwandishi huyu,'" alirudia, miwani imemshuka puani, "'anaandika kama mtu ambaye hajawahi kumwogopa binadamu yeyote.'"

Wakacheka. Rhiannon naye akacheka, maana asiyecheka angeshukiwa. Sentensi ile aliiandika yeye, mwezi wa pili, kwa mkono mmoja, binti yake Megan amelala kifuani. Hakujua kabisa kwamba anamkosoa mwalimu aliyemsimamia shahada yake; Hargrave hakuwa na desturi ya kumwonyesha mtu kazi kabla haijakubaliwa. Na Ijumaa hii ndiyo siku ambayo Hargrave alitakiwa kutuma barua ya kumpendekeza kwa kazi ya kudumu ya uhadhiri kule Bristol. Mikataba ya miezi tisa tisa ilikuwa imemchosha. Megan hajatimiza hata miaka miwili, na tayari amehamishwa vituo viwili vya kulelea watoto. Barua ikiwa baridi, bila sifa za kutosha, kazi hakuna.

"Lakini mtindo wa mtu wa kuandika haufichiki," Hargrave akasema, akamgeukia Corin Aldous, mhadhiri kijana anayejulikana kwa maneno makali. "Corin, bwana, huu si ulimi wako?"

"Mimi ningekusema vibaya zaidi, Profesa."

Kicheko kikapanda tena, ila Hargrave hakucheka. Akasema taratibu kwamba mkataba wa Corin unajadiliwa wiki ijayo, kwamba yeye, Hargrave, yumo kwenye kamati, na kwamba mtu asiyeweza kumkosoa mwenzake ana kwa ana ni vigumu kumtetea. Corin akakana. Kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kufanana na mwenye kosa. Uso ukampauka, biskuti ikamvunjikia vidoleni.

Rhiannon akautazama mlango. Angeweza kunyamaza, jarida halitamtaja kamwe.

"Si Corin," akasema. "Ni mimi. Sikujua ni kazi yako."

Hargrave akavua miwani. "Wewe? Na muda wote huu umekaa unacheka?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unamwogopa nani hapa?"

"Wewe, Profesa. Tangu mwaka wa kwanza."

Hargrave akawatazama wengine mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri wamwambie kwamba binti huyu ametia chumvi. Prudence Lyle, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, akaanza kukung'uta kwenye sketi yake makombo ambayo hayakuwapo.

Mzee akakaa. Akayapekua yale maoni, akarudisha kurasa nyuma, akakomea kwenye ukurasa wa tatu.

"Hapa unasema bei ya kukiri si moja kwa kila mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilipita haraka. Nieleze."

Rhiannon hakujua kama ile barua bado ipo au imeshakufa pale mezani, na hakuthubutu kuiulizia. Akaanza kueleza. Alipofika sentensi ya pili akaona Hargrave amechukua kalamu, anaandika.