Mjomba wa Darajani

Mwaka ule kaka yangu Mrisho aliniletea kutoka Dubai mashine moja ya gemu, pedi mbili, tivii ya inchi ishirini na moja na sidii sita. Tano zilikuwa za ngumi, magari na mpira. Ya sita ilikuwa ya Kijapani, na Mrisho alisema alipewa kama nyongeza baada ya kununua pasi tatu. Nikaondoa vitenge dukani kwangu, nikapanga mabenchi, nikaandika mlangoni: UKUMBI WA GEMU, WATU WAZIMA TU. Hilo la watu wazima niliandika kwa sababu nyuma yetu palikuwa na shule ya msingi, na mwalimu mkuu alikwisha kunitembelea mara mbili kabla hata sijafungua. Wiki ya kwanza walikuja wanaume wanne waliodhani ni jambo jingine. Wakatazama magari yakishindana, wakaondoka.

Ulikuwa msimu wa Bunge la bajeti. Dodoma ilijaa madereva wa wizara ambao kazi yao ilikuwa kumpeleka bosi asubuhi na kumrudisha jioni. Katikati walikuwa hawana pa kwenda. Mmoja wao aliitwa Gaudence, kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye vidole vyepesi. Ndani ya siku tisa alikuwa amemaliza gemu zote tano na kumshinda kila mtu, mpaka watu wakakataa kucheza naye. Siku ya kumi akaniambia, "Dada Salha, hebu weka ile ya sita."

Nikaweka. Kwanza ilikuja picha ya kijiji kikiungua. Mtu mwenye joho jeupe akaonekana anaondoka, mgongo tu. Kisha kijana mmoja akaamka kwenye majivu, ana upanga. Akatembea hatua chache, akakutana na bibi kizee, na chini ya kioo likatokea sanduku la maandishi ya Kijapani. Gaudence akabonyeza. Likaja sanduku jingine. Akabonyeza. Yakaja kumi na moja.

"Sasa huyu bibi anataka nini?" akauliza.

"Anakuambia kisima kimekauka," ikajibu sauti kutoka benchi la nyuma.

Alikuwa kaka Swalihu. Huyu alikuja kila siku kukaa tu, hachezi, na mimi sikumfukuza kwa sababu tulikulia mtaa mmoja. Alikuwa karani wa bohari katika shirika la umma. Shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Orodha ya waliopunguzwa ilisainiwa na meneja wa tawi, Mzee Abdulnasiri, ambaye ni mjomba wake Swalihu, tumbo moja na mama yake. Miaka mitatu walikuwa hawajasalimiana. Waliswali msikiti mmoja, safu tofauti.

"Mzee, unajua Kijapani?" Gaudence akamuuliza.

"Sijui."

"Sasa umejuaje habari ya kisima?"

"Mtazame anavyosimama."

Tukamtazama. Kwa kweli alisimama kama mtu ambaye kisima chake kimekauka. Gaudence akampeleka kijana kaskazini, akakuta pango, ndani ya pango maji. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Swalihu. Yeye akakohoa kidogo, akahamia benchi la mbele.

Kuanzia hapo hadithi ikawa yake. Alisema kijana anaitwa Matonya, kwa kuwa hatukuweza kusoma jina lake. Alisema yule mwenye joho jeupe ni mjomba wa Matonya, ameondoka kwenda kutafuta msaada baada ya kijiji kuungua, na Matonya anamfuata. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya bohari, na pengine ndiyo maana tulimwamini. Bi Mwanahawa, aliyekuwa akiuza maandazi kibarazani pangu, akaanza kuingia na kusimama. Baada ya siku mbili akaingia na kiti chake. Wakaja makarani wa Bunge baada ya chakula cha mchana. Akaja fundi cherehani wa jirani, Yotham, na nguo za watu mkononi.

Tatizo likawa Gaudence. Yeye alitaka kupigana. Katika gemu ile ukitembea kidogo unavamiwa na madudu, hadithi inasimama mpaka uyaue. Kwa Gaudence hayo ndiyo yalikuwa gemu. Masanduku ya maneno aliyapita kama dereva anavyopita vibao vya barabarani anavyovijua. Swalihu anasema, "Hapa mama mwenye duka anamuuliza Matonya habari za—" tayari Gaudence yuko nje ya mji anaua nge.

"Mwanangu, subiri basi!" Bi Mwanahawa anapiga kelele.

"Nikisubiri silaha haipati nguvu, Bi Mwanahawa. Nguvu inatoka kwenye vita, haitoki kwenye habari."

Swalihu naye alikuwa na kosa lake. Akishapata moto hanyamazi. Gaudence yuko katikati ya pambano na joka la vichwa viwili, Swalihu anaeleza utoto wa joka. Siku hiyo Matonya akafa mara tatu. Gaudence akaweka pedi chini, akasema yeye si wa kuuawa na hadithi ya mtu.

Wateja wakagawanyika. Madereva walikuwa upande wa Gaudence, makarani na Bi Mwanahawa upande wa Swalihu. Yotham alikuwa upande wa yeyote aliyemwomba maoni. Nikaona nitapoteza wote, nikatoa sheria. Yakitokea maneno, Gaudence habonyezi mpaka Swalihu ainue mkono. Yakitokea madudu, Swalihu hafungui mdomo mpaka dudu la mwisho lianguke. Na Swalihu haruhusiwi kukaa kwenye sanduku moja kupita muda wa kula andazi. Andazi moja, wala si la kutafunwa kwa adabu.

Sheria ikafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kumbe Swalihu akinyamaza wakati wa vita, akirudi anakuwa na la maana zaidi. Na Gaudence, kwa kuwa alilazimika kusubiri, akaanza kusikiliza. Siku moja alikataa kuuza upanga wa zamani ingawa alikuwa na mpya wenye nguvu mara mbili. Dereva mwenzake akamshangaa. Gaudence akasema, "Ule alipewa na bibi wa kisima."

Mwezi wa saba tukafika darajani.

Lilikuwa daraja refu juu ya korongo, na katikati yake amesimama mtu mwenye joho jeupe. Ukumbi ulipiga makofi. Bi Mwanahawa akasema Alhamdulillah. Matonya akasogea, sanduku la maneno likatokea, chini yake maneno mawili mafupi na mshale. Kwa furaha au kwa mazoea, Gaudence akasahau sheria. Akabonyeza. Muziki ukabadilika, yule mtu akatoa upanga, ikawa vita.

"Usimpige!" akapiga ukelele Bi Mwanahawa. "Ni mjomba wake!"

"Ananipiga yeye!"

Bi Mwanahawa akaenda kusimama mbele ya tivii na khanga yake ikaziba kioo chote. Gaudence hakuona kitu. Matonya akafa. Tukarudi tulipohifadhi gemu, nyuma kidogo ya daraja.

Siku nne hatukuvuka. Madereva walisema gemu haina njia nyingine, bila kumpiga yule mtu hatuendelei, na msimu wa Bunge unakwisha. Makarani walisema damu ni damu. Swalihu aliombwa abadilishe hadithi, aseme tu yule ni mtu mwingine aliyevaa joho la kufanana.

"Siwezi," akasema. "Nimeshasema ni mjomba."

"Lakini ulitunga wewe!" Gaudence alikuwa amesimama. "Mzee Swalihu, samahani, sisemi kwa ubaya. Huyu wa kwenye tivii unamtetea siku ya nne. Yule wako wa kweli mnapishana msikitini kama magari."

Sijui nani alimweleza. Dodoma ile haikuwa kubwa. Swalihu alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akaendelea kutazama daraja.

Mmoja wa makarani ndiye aliyemleta Elieth. Huyu alikuwa mhandisi wa visima, amekaa Japani miezi kumi kwa mafunzo. Alikuja na buti zenye udongo, ametoka Hombolo kupima maji, na mfuko wa zabibu aliougawa kwa benchi la mbele. Tulimpa kiti.

"Niwaambie ukweli," akasema. "Nasoma zile herufi rahisi. Zile za michoro najua chache: maji, mlima, moto, mtu, na choo."

"Inatosha," nikasema.

Gaudence akampeleka Matonya darajani, sanduku likatokea, mikono yake akaiweka juu ya magoti ili isibonyeze. Elieth akasogea karibu na kioo.

"Hapa anauliza swali. Sijui swali gani. Haya maneno mawili ndiyo majibu. La juu ni ndiyo. La chini ni hapana."

Gaudence akauliza polepole, "Kuna hapana?"

"Ipo. Unashusha mshale."

Alikuwa amecheza wiki nne bila kushusha mshale hata mara moja. Akashusha, akabonyeza. Yule mtu akauliza tena. Hapana. Akauliza mara ya tatu. Hapana. Kisha yule mtu akauweka upanga wake chini, akapiga magoti juu ya daraja, likatokea sanduku refu kuliko yote tuliyopata kuyaona.

"Anasema nini?" Bi Mwanahawa alimshika Elieth mkono.

Elieth alisoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea. "Napata neno moto. Napata neno kijiji... nadhani ni kijiji. Halafu mimi. Moto, mimi. Amerudia mara mbili."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wiki nne Swalihu alikuwa ametuambia mjomba alikwenda kutafuta msaada, na sisi tulimwombea dua. Sasa wote tukawa tunamtazama Swalihu, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa lake. Angeweza kusema Elieth amesoma vibaya. Hata Elieth mwenyewe asingebisha.

"Anasema," akaanza, akarekebisha miwani, akaanza upya. "Anasema moto aliuwasha yeye."

"Mjomba?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Mjomba."

"Kwa nini?"

Swalihu alifikiri. Muda wa andazi ulipita, sikumkumbusha. "Hasemi," akajibu. "Anasema tu ni yeye."

Akainua mkono. Gaudence akabonyeza. Yule mtu akasimama, akalivuka daraja kwa upande tuliotoka, akapotea. Njia ikawa wazi. Hakuna aliyepiga makofi, na Gaudence hakwenda popote. Alihifadhi gemu, akasema bosi wake anamsubiri, ingawa saa ilikuwa nane tu.

Swalihu hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Wateja walikuja, wakakaa, wakaondoka. Gaudence hakutaka kuendelea bila yeye. Alisema anaogopa asije akamsalimia mtu vibaya. Siku ya tatu Swalihu akaingia, akakaa mahali pake.

"Ulikuwa wapi, kaka?" nikamuuliza pembeni.

"Nilikwenda kwa Mzee Abdulnasiri."

"Ikawaje?"

"Nikamwamkia. Akaitikia. Nikapewa chai."

"Mkaongea nini?"

"Bawasiri yake. Inamsumbua sana. Ile orodha hakuitaja. Na mimi sikuitaja. Ila nilipoaga alinisindikiza mpaka njia panda, na kutembea anaumwa."

Hakusema amefurahi wala amesikitika, na usoni mwake sikuona kitu cha kunisaidia. Mchana huo alisimulia ovyo kabisa. Alisahau majina, akamwita mfalme "bwana bohari". Watu walimvumilia.

Bunge likaahirishwa Ijumaa moja mwezi wa nane. Gaudence alipitisha gari mlangoni asubuhi, bosi wake yuko kiti cha nyuma anasoma makaratasi. Tulikuwa tumefika kwenye ngome ya mwisho, iliyolindwa na dude kubwa lenye mabawa, na Gaudence alikuwa amelijaribu mara sita. Akashuka, akampa Swalihu pedi mkononi kama mtu anavyokabidhi funguo za ofisi.

"Mzee, malizia."

"Mimi sijawahi kushika hii kitu, baba."

"Kitufe cha pembetatu ni dawa. Cha msalaba ni upanga. Vingine usiguse."

Gari likaondoka kuelekea barabara ya Morogoro.

Swalihu alicheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyemwona ukumbini, na nimewaona wengi. Alibonyeza kwa kidole kimoja cha shahada, kama anapiga taipureta. Matonya alikufa sekunde ya ishirini, akafa sekunde ya thelathini. Na kwa kuwa akili yake yote ilikuwa vidoleni, hakuweza kusema neno. Tukakaa ukumbi mzima kimya, tunamtazama karani wa zamani akiuawa.

Siku ya tatu ya kimya hicho Bi Mwanahawa akashindwa kuvumilia. "Matonya amechoka," akasema, wala si kwa sauti kubwa. "Viatu vimemwisha. Lakini anajiambia, nikirudi nyumbani sasa nitamwambia nini bibi?" Mtu mmoja akasema, "Enhe?" Bi Mwanahawa akavuta kiti mbele. Alisimulia tofauti na Swalihu, kwa haraka, na watu wote katika hadithi yake walikuwa na njaa. Swalihu hakugeuka, ila niliona mabega yake yameshuka, na dude halikumuua mpaka dakika ya nne.

Lilimchukua siku kumi na moja. Siku lilipoanguka hakujua kwamba limeanguka. Aliendelea kubonyeza msalaba hadi Bi Mwanahawa alipomshika kiwiko na kumwambia, "Basi, baba, basi." Muziki wa polepole ukaanza, maandishi mengi ya Kijapani yakapanda kwenye kioo, hakuna aliyetueleza ni ya nini. Watu walipeana mikono. Yotham alilia, akasema ni vumbi. Swalihu alitazama kidole chake, kilikuwa kimeota lengelenge, kisha akatazama saa, akasema alasiri inampita, akatoka.

Nikazima mashine. Ilikuwa ya moto kama pasi. Nikaifunika na kitambaa, nikafungua madirisha, nikaanza kufagia makombo ya maandazi.