Teke la Shemeji

Shemeji yangu alipokuwa mwongozaji tu wa filamu za karate, nilimheshimu. Alikaa kwenye kiti chake akapaza sauti, wengine wakarushiana mateke. Kisha akaingiwa na tamaa ya kuonekana. Akawa yeye mwongozaji, yeye shujaa, na mimi mpambaji wa waigizaji nikawa wa kumbandika nywele za bandia kila asubuhi, jasho lake likinichuruzika hadi kwenye viwiko. Kinyaa kitupu!

Kitambi tulikibana kwa mkanda. Mguu ulikuwa haupandi kupita kiuno, kwa hiyo alisimama juu ya kreti la soda na kamera ikamchukua kuanzia magotini. Hayo ningeyameza. Lakini wa kupigwa alikuwa mdogo wake, mume wangu, asiyejua kumkatalia kaka yake neno. Daktari alishamwonya: jicho la kushoto likipata pigo jingine, halioni tena.

Katika kazi hii teke haligusi. Mpigaji husimamisha unyayo shubiri moja kutoka usoni, mpigwaji hujirusha, mlio huwekwa baadaye. Shemeji aliwafokea watu kuhusu jambo hilo miaka nenda miaka rudi, ila mwenyewe hakuwahi kulifanya. Na kwenye mazoezi nilimwona: akipiga, anafumba macho.

"Kaka, unafumba macho," mume wangu alimwambia kwa upole.

"Unanifundisha kazi, wewe?"

"Shemeji, mpe mwingine apige," nikasema. "Hapa kamera iko mgongoni mwako, sura yako haionekani hata kidogo."

"Watu wanakuja kuniona mimi. Wewe shika poda yako."

Teke la kwanza likapita hewani, salama. Hakuridhika, eti nywele zilikaa upande. Nikazirekebisha. La pili, kisigino kikatua kwenye jicho lile la kushoto.

Mume wangu akaanguka kwa magoti, akajifunika macho yote kwa mikono, damu ikipenya vidoleni. Shemeji akampita, akaenda kwenye skrini, akajitazama, akajitazama tena, mate yakimjaa mdomoni kwa furaha.

"Hii ndiyo yenyewe! Mmesikia alivyolia? Kilio kile hakiigizwi!"

Nilitamani kumtapikia. Nikamwinua mume wangu, nikamkokota kuelekea garini. Katikati ya njia akanishika kwa mkono uliolowa.

"Kaka ametoka vizuri kwenye picha?"

Kinyaa kikanipanda upya, safari hii kwake yeye. Nikamwachia mkono. Mlango wa gari akautafuta mwenyewe, kwa kupapasa.