Mbuzi wa Tatu

Kompyuta ya Kasiva ilikuwa imezeeka, nayo haikuona sababu ya kuficha. Ilipowashwa iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena, na baada ya muda wa kutosha kuchemsha chai ya watu wanne ikakubali kuonyesha kitu. Kasiva aliinunua zamani ili apigie chapa mitihani ya wanafunzi wake. Hakuwahi kudhani kwamba siku moja angeitwika arusi yake nzima.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Alikuwa amefundisha tangu asubuhi, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuvulika. Hata hivyo aliketi, kwa kuwa Jumapili ilikuwa inakuja na video haikuwa imefika hata nusu.

Kazi hiyo haikupaswa kuwa yake. Aliyeipiga picha arusi ile alikuwa Nzuki, na Nzuki alifunga kibanda chake cha picha miezi mitatu baadaye, akahamia Matuu kuuza maembe. Alimkabidhi Kasiva diski iliyoviringishwa kwa gazeti, akasema, "Mwalimu, kila kitu kimo humu. Wewe kata, unga, tia muziki. Ni kama kushona tu." Kasiva hakujua kushona. Ndani ya diski alikuta saa kumi na moja za picha: ntheo, yaani siku ya kupeleka mbuzi kwa kina bibi arusi, kanisa, karamu, na dakika arobaini za nyasi, ambazo Nzuki alizipiga alipokwenda kula akasahau kuizima kamera.

"Umefika wapi?" aliuliza Peris, mama mkwe wake, kutoka kwenye kiti cha nyuma. Tangu alipofiwa na mumewe, Masila, alikuwa akiishi nao hapa nje ya mji wa Machakos, na kila jioni aliweka mguu wake mbovu juu ya kigoda akasimamia kazi.

"Tuko kanisani, mama. Padri anahubiri."

"Huyo mkate. Alihubiri mpaka mishumaa ikachoka. Lakini nisikie umemkata Masila wangu! Siku ya ntheo mguu huu ulinifunga nyumbani, sikuona hata kwato moja. Nataka nimwone tangu langoni. Nasikia alicheza na mbuzi."

"Hata mimi nasikia hivyo."

"Alikuwa hivyo, mtu wa mzaha. Na leso yangu niliyomfungia chapati siku ile hakuirudisha. Nzuri ile, ya maua mekundu. Nikimfikia huko aliko, ni neno la kwanza nitakalomwuliza."

Kasiva alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaendelea kumkata padri.

Masila, baba mkwe wake, alifariki ghafla miezi mitano baada ya arusi. Jumapili hiyo Peris alikuwa amewaalika watu wa pande zote mbili waje wale chakula, waitazame arusi, na wamwone mzee akicheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Wote walikuwa wameahidi kuja isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye Kasiva aliyemtaka kuliko wote.

Bartholomew, baba yake, hakuwahi kula nyumbani kwa binti yake. Arusi ilikuwa na miezi kumi sasa, na katika miezi hiyo alikuwa amekuja mara moja tu, siku ya maziko ya Masila. Alisimama kaburini mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akaondoka bila kuonja hata maji. Kwao Kalama si mbali; mtu huondoka baada ya staftahi akarudi kabla ya chakula cha mchana. Umbali haukuwa kisingizio, basi visingizio vilitafutwa penginepo.

Jumanne Kasiva alimpigia mama yake simu.

"Mwaitu, Baba atakuja Jumapili?"

"Mwanangu, kuna ng'ombe anayekaribia kuzaa."

"Mwezi uliopita pia kulikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa. Ni ng'ombe gani huyu asiyemaliza?"

Kasiva alisikia kuku upande wa pili, na mlango ukifungwa. "Mimi nitakuja," mama yake alisema hatimaye. "Nitaleta ndizi."

"Najua utakuja. Nimemkosea nini, mwaitu? Niambie nijue."

"Si wewe, Kasiva," alisema mama yake, akakata simu kabla hajaulizwa ni nani.

Jumatano stima ilipotea saa nzima, na iliporudi kompyuta ilikuwa imesahau kazi yote ya Jumanne. Kasiva alikaa akiitazama skrini bila hasira. Hasira nayo inataka nguvu. Akaamua kuliacha kanisa kando na kuanzia mwanzo kabisa, siku ya ntheo.

Watu wa Ukambani wanaijua siku hiyo. Upande wa mume hupeleka mbuzi watatu kwa baba wa msichana, na kwa wazee wa aina ya Bartholomew, pasipo mbuzi hao watatu hata askofu akifungisha ndoa, msichana ameazimwa tu. Ntheo ya Kasiva ilifanyika wiki mbili kabla ya kanisa. Siku ile yeye alikuwa amefichwa chumbani pamoja na shangazi zake, akisikia vigelegele tu; kwa hiyo alikuwa hajawahi kuona mbuzi hao walivyoingia.

Sasa aliwaona. Wanawake wa kwao wamelifunga lango, wanadai waimbiwe ndipo wafungue. Masila anaimba vibaya sana, wanacheka, wanafungua. Anaingia mbuzi wa kwanza, wa rangi ya kahawia, sikio lake la kushoto limechanika. Anapitishwa mbele ya Bartholomew aliyeketi kitini, kisha anapelekwa nyuma ya nyumba. Anaingia wa pili, mweusi. Halafu kuna kitambo ambapo hakuna kitu, watu wanaimba, kamera inatangatanga. Kisha Masila anatokea tena langoni akicheza na mbuzi wa tatu, aliyevikwa leso yenye maua mekundu kama bibi arusi. Vigelegele vinapanda. Masila anazunguka, mbuzi anazunguka, leso inateleza mgongoni mpaka shingoni.

Sikio la kushoto lilikuwa limechanika.

Kasiva alirudisha picha nyuma. Akaitazama tena, kisha akaisimamisha mahali ambapo Nzuki alikuwa amemgeukia Bartholomew. Baba yake alikuwa akimtazama mbuzi yule bila kucheka. Ulikuwa uso wake wa kanisani sadaka inapohesabiwa. Midomo yake ilikuwa imesogea kidogo, kisha ikafungwa.

Alijua. Aliketi pale, mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote, akaonyeshwa mbuzi mmoja mara mbili mbele ya ukoo wake, akanyamaza ili arusi ya binti yake isivunjike. Tangu siku ile hakusema neno, wala hakula katika nyumba ambayo, kwa hesabu yake, binti yake alikuwa mgeni tu.

"Mbona kimya?" Peris aliita kutoka jikoni. "Umefika kwa Masila?"

"Bado, mama," alijibu Kasiva, akaizima skrini.

Alhamisi Wambua, mume wake, aliporudi kutoka kazini, Kasiva hakumsalimu. Alimketisha mbele ya kompyuta akamwonyesha mbuzi wa kwanza, kisha mbuzi wa tatu. Wambua alitazama mara moja tu.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tulitoka kwetu Mwala na watatu, Kasiva, naapa. Tuliwafunga nyuma ya pikapu, sote tukapanda mbele. Barabara ilikuwa mbaya. Tulipofika njia panda ya Kalama tukakuta mmoja amejinyonga kwa kamba yake. Mimi nikasema tuwaeleze. Baba akasema, 'Wanawake wanaimba langoni, nawe unataka niingie na habari ya msiba wa mbuzi?' Akachukua ile leso ya chapati, akamtoa yule wa kahawia nyuma ya nyumba akamvika. Akaahidi kumleta mwingine wiki hiyohiyo."

"Na wiki ikapita."

"Ikaja kanisa. Yakaja malipo ya hema, ikaja kazi. Kisha Baba akafa. Kila nilipotaka kukuambia, niliona nimekwisha chelewa mno hata kusema."

"Baba yangu hajanywa maji hapa kwa miezi kumi, nawe ulikuwa ukiniambia ni kifua chake."

"Nilitumaini ni kifua."

Kasiva angeweza kupiga kelele, lakini kulikuwa na madaftari arobaini na mawili ya kusahihisha, na mama mkwe chumba cha pili. Aliketi akapima mambo mawili aliyoweza kufanya. Akikikata kipande cha leso, angemnyima Peris picha bora ya mumewe, picha pekee ambamo marehemu alicheza. Akikiacha, watu wa Kalama wangekuwa wameketi hapa hapa sebuleni, na hakuna mtu wa Kalama asiyeweza kumtambua mbuzi kwa sikio. Masila angefufuliwa Jumapili ili aaibishwe. Na lolote kati ya hayo mawili lisingemleta Bartholomew.

"Jumamosi tunanunua mbuzi," alisema.

"Sasa? Baada ya miezi kumi? Atanicheka."

"Akikucheka, utakuwa umefanikiwa. Hajacheka tangu ile siku."

Jumamosi asubuhi walikwenda kwa Salad, mfanyabiashara wa mifugo mjini. Wambua alionyesha kwa kidole dume moja nene.

"Wa kuchinja au wa kufuga?" aliuliza Salad.

"Wa mkwe."

"Huyo basi mwache. Nje mnene, ndani anakohoa. Wewe utakwenda, kikohozi kitabaki kikikusema. Mchukue huyu jike mweupe. Huyu hata mkwe akimchunguza meno, atanyamaza."

Kutoka mjini mpaka Kalama Wambua alisafiri nyuma ya pikapu ya kukodi, amechuchumaa katika suruali yake ya Jumapili, kamba ya mbuzi ameishika kwa mkono na si kuifunga popote. Kasiva aliketi mbele karibu na dereva, akasinzia njia nzima.

Langoni hakukuwa na wanawake wala wimbo. Bartholomew alikuwa akitengeneza ua. Alimwona mbuzi kabla ya kuwaona watu. Kasiva alitoa simu akaanza kupiga video.

"Huyu ni wa nini?" aliuliza Bartholomew.

"Ni wa tatu, Baba," alisema Wambua. "Alichelewa njiani."

"Miezi kumi."

"Miezi kumi, Baba. Yule aliyekuwa wa tatu alikufa njia panda. Ilinipasa kukuambia siku ileile. Sikukuambia."

Mzee alimfungua mbuzi mdomo, akamtazama meno, akampapasa mbavu, akamtembeza huku na huku. Alichukua muda mrefu kuliko uliohitajika, na Wambua alisimama juani muda huo wote bila kusogea.

"Babako angeniambia," alisema mwishowe. "Ningetoka langoni tukazungumza kama watu wawili. Mbuzi hufa. Mimi mwenyewe nimewazika wangapi?" Akaichukua kamba. "Lakini leso! Alidhani mimi ninatazama nguo?"

Akamwongoza mbuzi kuelekea zizini. Alipofika nusu ya njia akageuka. "Kasiva, weka hiyo simu. Mwambie mama yako ng'ombe amekwisha zaa."

Jioni hiyo Kasiva aliunga vipande vya mwisho. Hakukata kitu chochote cha ntheo. Mara tu baada ya Masila na leso yake alimweka mbuzi mweupe akiingia Kalama bila wimbo. Kompyuta ilichukua muda wake kuhifadhi, naye aliingoja ameegemeza kichwa mezani.

Jumapili sebule ilijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Bartholomew alifika miongoni mwa wa kwanza, akapewa kiti cha mbele na chai, akainywa. Kasiva alisimama mlangoni na birika mkononi mpaka alipoona kikombe kimeisha, akamjazia tena, ndipo akaenda kuketi pembeni karibu na ukuta.

Masila akatokea langoni. Akaanza kucheza, na kabla mtu hajalia, Peris aliruka na mguu wake mbovu.

"Leso yangu! Jamani, mbuzi amevaa leso yangu! Chapati zangu alizipeleka wapi mtu huyu?"

Sebule nzima ilipasuka kwa kicheko, na Peris akacheka kuliko wote, machozi yakimtiririka. Kisha akaingia mbuzi mweupe, na shangazi mmoja wa Kalama akakunja uso.

"Ngojeni. Kwani mbuzi walikuwa wanne?"

Bartholomew aliweka kikombe chini.

"Walikuwa watatu," alisema. "Yule wa kahawia aliingia mara mbili. Alipapenda nyumbani kwangu."

Wakacheka tena, hata waliokuwa wameelewa, na Peris akaomba Masila arudishwe nyuma aonekane upya. Walimrudisha mara tatu. Ilipofika zamu ya kanisa, Bartholomew aligeuka amwambie binti yake kwamba padri amekatwa vizuri. Kasiva alikuwa amelala, kichwa ukutani, kinywa wazi kidogo, viatu vimevuliwa. Juu ya skrini alikuwa akiingia kanisani katika shela jeupe.

"Mwamshe aione arusi yake," alisema Wambua.

"Mwache," alisema Bartholomew. "Mimi nitamtazamia." Akavuta kiti chake karibu naye, akaomba aletewe sahani.